Video Itoke Ndani Yenyewe: Ushauri kwa Wanaorusha Mubashara Handeni na Korogwe

Harusi ya Mombo siku hizi ina wageni walioko Muscat, na mazishi ya Sindeni yana wafiwa waliokosa basi la kuwahi kutoka Mwanza. Mahafali ya chuo pale Korogwe yanatazamwa na wazazi walioko Mtwara. Wote hao wanategemea safari moja: video itoke kwenye kamera, ifike kwenye seva iliyo mbali, na kutoka kwenye seva hiyo iwafikie kwenye simu zao. Kamera nzuri zipo, na vijana wanaozijua wapo Manundu na Chanika. Kinachokwamisha kazi mara nyingi ni kipande cha katikati, yaani faiawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao unaokaa kati ya kamera na ulimwengu. Inaweza kuwa ya chuo, ya halmashauri, ya kampuni ya simu, au ya ruta yenyewe iliyo mezani.

Ninawaandikia wapiga video wa sherehe, kamati za matangazo za makanisa na misikiti, mafundi wa kamera za CCTV, na Maafisa TEHAMA wanaoombwa kufungua mtandao asubuhi ya tukio. Ushauri wangu wote unasimama juu ya kanuni moja: muunganisho uanzishwe na upande wenye kamera, uelekee nje, upite njia ambayo tayari iko wazi au iliyofunguliwa kwa ruhusa. Mpango wowote unaomtaka mtu wa nje aingie ndani kuichukua video utakuletea hasara, na huenda ukawaletea hasara watu wengine pia.

Kwa nini wa nje hafiki ndani

Faiawoli nyingi hufanya kazi kama mlinzi wa getini. Mkazi akitoka, mlinzi humkumbuka, na akirudi na mizigo yake humfungulia bila maswali. Mgeni asiyetarajiwa huachwa nje. Kompyuta ya ukumbini ikiita seva iliyoko Dar es Salaam, faiawoli huandika kumbukumbu ya mwito huo na kuruhusu majibu yake yarudi. Seva hiyo hiyo ikianza kuiita kompyuta ya ukumbini, mwito unatupwa, na hakuna anayejulishwa kwamba umetupwa.

Kwenye laini za simu kuna kizuizi cha pili. Anwani za IP za toleo la nne hazitoshi dunia, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwaka 2012 lilitengwa kundi maalumu la anwani kwa ajili ya kazi hiyo, zinazoanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako ya laini ya simu, uangalie anwani iliyopewa na mtandao. Ikiwa iko ndani ya kundi hilo, au inaanza na 10, au haifanani na ile unayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani, ujue hapo hakuna mtu wa nje atakayekufikia moja kwa moja.

Jambo hili linawagharimu watu fedha. Mwenye duka au shamba anaambiwa na fundi kwamba atafunguliwa poti, yaani mlango wa mtandao, kwenye ruta ili aone kamera zake akiwa mbali. Fundi anaingia, anabadilisha mipangilio, analipwa, na picha haionekani, kwa sababu lango lililofungwa liko kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambako fundi hana mkono. Kabla ya kulipia kazi ya kufungua poti, kagua kwanza anwani kama nilivyoeleza. Ni kazi ya dakika mbili.

Kamera kwenye korona

Chukua mfano wa shamba la mkonge, kwa kuwa Korogwe ni nchi ya mkonge. Mwenye shamba yuko mjini. Anataka kuona majani yanavyoingia kwenye korona, yaani mashine inayotoa nyuzi kwenye majani, singa (nyuzi hizo) zinavyoanikwa, na robota zinavyopakiwa kwenye lori. Anafungiwa kamera nne, mashine ya kurekodia, na ruta yenye laini ya simu.

Kamera za namna hii huwa zinakaa zikisubiri kuitwa. Zinatumia itifaki ya RTSP, kwa kawaida kwenye poti 554, na hazitoi video mpaka chombo kingine kije kuiomba. Ndani ya mtandao wa shamba utaratibu huo unafaa, lakini ukivuka faiawoli unakufa.

Wapo watakaopata anwani ya umma na kufungua poti kweli, na hao ndio ninaowahofia zaidi. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu zaidi ya jozi 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera, ruta na mashine za kurekodia. Vifaa vilivyofunguka viligeuzwa jeshi, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi tovuti kubwa kama Twitter zikashindwa kufunguka kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kamera ya korona iliyoachwa wazi na nywila yake ya kiwandani inaweza kuajiriwa kwa kazi hiyo hiyo, huku ikimwonyesha mwizi saa ambazo stoo haina mtu.

Njia salama ni kuweka kompyuta ndogo ndani ya mtandao wa shamba, ya aina ya Raspberry Pi au hata kompyuta ya zamani ambayo bado inawaka vizuri. Ifungwe programu ya bure ya FFmpeg. Kompyuta hiyo inaiomba kamera video ikiwa ndani, kisha yenyewe inaita seva ya nje na kuisukuma video huko. Ipange iwake yenyewe umeme unaporudi, na ijaribu tena kila muunganisho unapokatika, kwa sababu hakuna atakayekuwa kando yake saa nane usiku. Kwenye ruta, funga poti zote zilizofunguliwa zamani na uzime UPnP, kile kipengele kinachoruhusu vifaa kujifungulia poti bila kukuuliza.

Kamera nyingi hutoa mikondo miwili, mmoja mzito wa kurekodia na mwingine mwepesi wa kutazamia. Mzito uache kwenye mashine ya kurekodia palepale shambani, mwepesi ndio uusukume nje. Uweke kwenye kodeki ya H.264, hata kama kamera imekuja ikiwa na H.265, kwa sababu vivinjari na seva nyingi huipokea H.264 bila shida, nayo kompyuta yako ndogo haitalazimika kuigeuza video. Itaipitisha kama ilivyo.

Kisha piga hesabu ya bando kabla ya kumwahidi mteja. Mkondo mwepesi wa kilobiti 500 kwa sekunde, ukirushwa saa 24, unakula gigabaiti 5.4 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 21.6 kwa siku. Kwa shamba linalotumia laini ya simu, rusha kamera moja, ile ya korona, kwa saa za kazi tu. Nyingine zibaki zikirekodi ndani.

Itifaki ipi ipite wapi

Wapiga video wengi wanaijua RTMP, hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Ndiyo iliyo nyuma ya ule ufunguo mrefu unaonakiliwa kutoka YouTube kwenda kwenye programu ya OBS. Ilitengenezwa na Macromedia kwa ajili ya Flash. Flash yenyewe ilifikia mwisho wake Desemba 2020, lakini RTMP imebaki kwa sababu kila enkoda, yaani kifaa au programu inayobana video na kuirusha, inaijua. Sifa yake mojawapo ni kwamba mwito unatoka kwako kwenda nje, kama tunavyotaka. Tatizo ni poti yake, 1935, ambayo mitandao mingi ya ofisi huifunga.

RTMPS ni RTMP ile ile iliyofungwa ndani ya usimbaji wa siri, na kwa kawaida hupita poti 443, poti ya tovuti zote salama. Mtandao unaofungua tovuti ya benki, poti 443 iko wazi. YouTube inapokea RTMPS, na Facebook imeifanya lazima tangu 2019.

Ya tatu ni SRT, iliyoundwa na kampuni ya Haivision ya Kanada na kutolewa bure kwa wote mwaka 2017. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa laini za simu za huku kwetu. RTMP husafiri kwa TCP, ambayo pakiti moja ikipotea, zote za nyuma yake husubiri. Ndipo picha inapoganda na foleni kujaa kwenye enkoda. SRT husafiri kwa UDP. Pakiti iliyopotea huombwa tena peke yake huku nyingine zikiendelea, mradi irudi kabla ya muda wa kungoja uliouweka kwisha.

Muda huo wa kungoja ndio unaokosewa zaidi. SRT huja ikiwa na milisekunde 120, kiasi kinachofaa mtandao wa waya ulio tulivu. Kwa laini ya simu ya Kabuku au Magoma, weka kati ya sekunde moja na mbili. Bibi aliye Muscat hatajua kwamba pete imevalishwa sekunde mbili zilizopita, ila picha ikikatika pete inapovalishwa, ataumia. Angalia pia vipimo: kwenye OBS na FFmpeg muda huu huandikwa kwa maikrosekunde, kwa hiyo sekunde moja ni 1000000. Ukiandika 1000 ukidhani ni milisekunde, umeomba elfu moja ya sekunde, na SRT yako itakuwa dhaifu bila wewe kujua sababu.

SRT ina njia mbili kuu za kuanza: upande mmoja huita, mwingine husikiliza. Enkoda yako iwe ndiyo inayoita, na seva iwe ndiyo inayosikiliza. Ukigeuza, umerudi kwenye kosa la mgeni getini. Weka na nywila ya usimbaji, yenye herufi kati ya 10 na 79, ili asiyehusika asiitazame video ikiwa njiani.

Kwenye seva, programu huria ya MediaMTX inatosha kwa kazi za kiwango chetu. Inapokea SRT, RTMP na RTSP, na inaitoa video kwa namna inayofunguka kwenye kivinjari cha simu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kutoka kwenye seva hiyo unaweza kuielekeza video YouTube, Facebook na ukurasa wa familia kwa pamoja. Kutoka ukumbini unarusha mkondo mmoja tu. Anayerusha mikondo mitatu kutoka ukumbini analipa bando mara tatu na kuibana laini yake mara tatu.

Ukiwa ndani ya mtandao wa taasisi

Hali hii hutokea kwenye kumbi za vyuo na ofisi. Kompyuta imeunganishwa kwa waya, tovuti zinafunguka haraka, kasi ikipimwa ni nzuri. Unabonyeza kitufe cha kuanza kurusha, OBS inasema imeshindwa kuunganisha. Watu wanaanza kuzima na kuwasha ruta, kubadili waya, kuilaumu OBS, huku mgeni rasmi ameshaingia.

Sababu iko wazi ukiitazama kwa utulivu. Tovuti zinapita poti 443, na RTMP inaomba 1935. Kwenye Windows, fungua PowerShell uandike Test-NetConnection, jina la seva, kisha -Port 1935. Halafu rudia kwa 443. Kama ya kwanza inagoma na ya pili inakubali, badili anwani ya kurushia iwe ya RTMPS na uendelee na kazi. Kwa UDP ya SRT kipimo hicho hakifai. Namna ya kuijua ni kurusha video ya majaribio kwa dakika tano na kutazama upande wa seva kama inafika.

Zipo faiawoli zinazofungua hata mawasiliano ya poti 443 ili kukagua kilichomo, na zikikuta si tovuti zinakata. Hapo usitafute ujanja. Faiawoli ya chuo au ya halmashauri inalinda matokeo ya wanafunzi, malipo na taarifa za wananchi. Kuitoboa kwa siri ni kuwahatarisha watu wasiokuwa na habari, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingilia mifumo bila ruhusa. Mwombe Afisa TEHAMA. Mwombe mapema, na mwombe kitu mahususi.

Ombi la kusema "tunaomba mtufungulie mtandao siku ya mahafali" humpa Afisa TEHAMA kazi ya kubahatisha, na mtu makini atakataa. Ombi zuri linataja upande wa mwito, kwamba ni kutoka ndani kwenda nje tu. Anwani ya ndani ya enkoda. Anwani ya seva inayokwenda. Aina ya usafiri na poti, mathalani UDP 8890 ambayo MediaMTX hutumia kwa SRT. Tarehe na saa ya kufungua na ya kufunga. Na jina la mtu wa kupigiwa simu. Liwe ukurasa mmoja. Afisa anayepata ombi la namna hiyo anaweza kuandika kanuni moja kwenye faiawoli, akaifuta jioni, na kuwa na maandishi ya kumwonyesha mkuu wake.

Nanyi Maafisa TEHAMA, nina ombi kwenu. Tengeni mtandao wa wageni wa ukumbini, uliotenganishwa kabisa na mtandao wa kazi, wenye kasi yake iliyohifadhiwa kwa ajili ya matangazo. Mkifanya hivyo mara moja, kila mahafali na kila mkutano utakaofuata utakuta njia ipo, na mitambo yenu ya ndani haitaguswa.

Kasi ya kupakia, barabarani na mlimani

Watu hupima kasi ya kupakua, wanaona namba kubwa, wanafurahi. Anayerusha anahitaji kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini ya simu huwa ndogo zaidi na hubadilika kila dakika. Pima mahali pale pale, siku na saa inayofanana na ya tukio, mara kadhaa. Chukua kipimo cha chini kabisa, na kasi ya video yako iwe nusu yake. Ukipata megabiti 4, rusha megabiti 2.

Kuna sababu ya kuacha nusu nzima. Siku ya majaribio ukumbi ni mtupu. Siku ya tukio wamekuja watu mia tatu, kila mmoja na simu, na nusu yao wanapandisha picha kupitia mnara ule ule unaoutegemea wewe. Ukiweza, tumia laini ya mtandao ambao wengi wa waalikwa hawautumii, na uwe na laini ya pili ya kampuni nyingine tayari ndani ya ruta ya akiba.

Kwa picha ya mistari 720 megabiti 2 zinatosha kwa harusi, ibada au hotuba. Hiyo ni megabaiti 900 kwa saa, na SRT inaweza kuongeza mpaka robo nyingine kwa ajili ya kurudia pakiti zilizopotea. Kwa tukio la saa tatu nunua bando la gigabaiti 4 na uwe na salio la kuongeza. Picha kamili iwekwe kila sekunde mbili. Mipangilio inaiita nafasi ya fremu kuu, na ikiwa ndefu mtazamaji anayejiunga katikati atasubiri kioo cheusi.

Mahali nako kuna masharti yake. Kando ya barabara kuu, kuanzia Mkata, Kabuku na Segera hadi Korogwe mjini na Mombo, minara ni mingi na kazi huwa nyepesi. Ukipanda Bungu, Dindira au Vugiri, milima ya Usambara inasimama kati yako na minara ya bondeni. Mita chache huleta tofauti kubwa: nyuma ya kanisa hakuna kitu, kwenye ukingo wa uwanja laini inashika vizuri. Usihamishe kamera kufuata mtandao, hamisha ruta. Waya wa mtandao wa kawaida unafikisha mawimbi salama mita 100. Weka ruta ukingoni, juu ya nguzo, ikiwa imefunikwa dhidi ya mvua na kulishwa na betri, kisha vuta waya hadi kwenye enkoda.

Kwenye vijiji vya ndani vya Handeni, kama vile upande wa Kwamsisi, tatizo ni umbali. Antena ya mwelekeo iliyoinuliwa na kuelekezwa kwenye mnara husaidia sana. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa hiyo hali ya kijiji ulichokijua miaka mitatu iliyopita inaweza kuwa imebadilika. Waulize wenyeji laini gani inashika, kisha nenda ukapime mwenyewe.

Palipo na waya wa faiba wa TTCL au wa kampuni nyingine, utumie huo kwanza na laini ya simu ibaki ya akiba. Usisahau umeme. Ruta, enkoda na kamera moja viwe na betri inayobeba tukio zima, si dakika kumi za kuaga.

Seva ikae wapi

Unaweza kukodi seva ndogo nje ya nchi, au ndani, kwa mfano kwenye Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa anayerusha kutoka Korogwe, seva ya ndani ina faida mbili. Ya kwanza ni ukaribu: pakiti iliyopotea huombwa na kurudi haraka, kwa hiyo SRT inapata nafasi ya kurudia mara kadhaa ndani ya sekunde ile moja uliyoipa.

Ya pili tuliiona Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania nzima na kwa majirani. Siku kama hiyo, anayerusha moja kwa moja kwenda seva ya Ulaya hana pa kushika. Anayepitia seva ya ndani ana uwezekano mkubwa wa kuwafikia watazamaji walioko nchini, na video nzima inabaki imerekodiwa ili walioko ng'ambo waitazame nyaya zikipona. Kama watazamaji wako wengi wako Tanga, Dar es Salaam na Arusha, hakuna sababu ya video yao kwenda Ulaya na kurudi.

Gharama ya seva isiwatishe. Wapiga video watano wa Korogwe na Handeni wanaweza kukodi moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na njia na nywila yake.

Yaliyomo kwenye sheria

Baadhi ya mafundi huvuka faiawoli kwa VPN, na kiufundi njia hiyo ni nzuri. WireGuard, kwa mfano, ikianzishwa kutoka shambani na kuwekwa itume ishara fupi kila sekunde 25, huiweka njia wazi muda wote, na mwenye shamba anaweza kuiomba kamera yoyote anapotaka. Lakini Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa mujibu wa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Kama kazi yako inahitaji VPN, wasiliana na TCRA kwanza. SRT na RTMPS zinakuvusha bila VPN, nami nimezipendekeza kwa sababu hiyo pia.

Kurusha harusi ya familia ni jambo moja. Kuendesha chaneli ya habari na matukio ya sasa mtandaoni ni jambo lingine, nalo linahitaji leseni ya TCRA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inagusa kamera. Sura ya mfanyakazi wa korona ni taarifa yake binafsi. Wafanyakazi waambiwe kwamba kamera zipo na ni za kazi gani, bango liwekwe mahali panapoonekana, na kamera zisielekezwe vyooni wala mahali pa kubadilishia nguo. Kwenye msiba, waulize wafiwa mkondo uwe wa wazi kwa dunia nzima au wa wenye kiungo tu, na ukubali watakachosema.

Kabla ya kupokea malipo ya awali

Mteja wako hajui faiawoli ni nini, na hana sababu ya kujua. Anachojua ni kwamba umeahidi mama yake aliyeko mbali ataona. Ahadi hiyo ni nzito, kwa hiyo ifanyie kazi kabla ya kuitoa. Nenda mahali pa tukio walau siku tatu kabla, ukiwa na vifaa vile vile utakavyotumia. Rusha video ya majaribio kwa nusu saa nzima hadi kwenye seva, na umwombe mtu wa mbali aitazame kwa bando la simu yake. Jaribu itifaki ya kwanza, kisha ya akiba; laini ya kwanza, kisha ya pili. Chomoa waya makusudi uone inachukua muda gani kurudi.

Kisha mwandikie mteja mambo matatu kwenye makubaliano. Kwamba tukio lote litarekodiwa kwenye kadi ya kamera, mtandao uwepo usiwepo. Kwamba video itapatikana mtandaoni ndani ya saa ulizotaja endapo mubashara itakatika. Na kwamba ukipima na kukuta mahali hapo hapafai kurushia, utamwambia siku hiyo hiyo na kumrudishia sehemu ya fedha iliyokuwa ya mubashara. Mpiga video anayefanya hivyo huenda akakosa kazi moja ya Jumamosi, lakini familia hiyo ndiyo itakayompigia tena ikiwa na shughuli nyingine, kwa sababu aliwaambia ukweli kabla hawajawaalika ndugu zao kutazama.